Kasri Ambalo Mfalme Hakulitoa

Kwanza unaona vitanda. Ni vya chuma, vyenye shuka nyeupe, vimenyooshwa safu kwa safu kama gwaride hadi mwisho wa ukumbi. Kisha unaona watu: wanaume wa Kihindi, wengine wamejilaza, wengine wameketi, nyuso zimeelekea kamera. Halafu jicho linapanda ukutani, na hapo ndipo picha inapokukamata. Juu ya majeruhi kuna matao yenye nakshi, na juu ya matao kuna kuba pana ambalo ungelitarajia Istanbul au Lahore. Unajiuliza: hospitali gani hii?

Ni Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1915. Jengo ni Royal Pavilion, kasri la starehe alilojijengea George, mwana wa mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la George wa Nne. Alianza na nyumba ya kawaida ya kitajiri mwaka 1787. Baadaye, kuanzia 1815, mbunifu wake John Nash akaigeuza kuwa kioja: nje makuba na minara ya Kihindi, ndani majoka na mapambo ya Kichina. George hakuwahi kutia mguu India wala China. Ukumbi ule wenye safu za vitanda, unaoitwa Dome, ulijengwa kwanza kuwa banda la farasi wake. (Siku hizi ni ukumbi wa muziki. Ndipo ABBA waliposhindia Eurovision mwaka 1974, na nadhani wengi waliokaa vitini usiku ule hawakujua kwamba palikuwa na wagonjwa hapo.)

Picha za hospitali hiyo zipo nyingi, na zinaonyeshwa tena. Kasri sasa ni jumba la makumbusho, na tangu 2010 lina chumba chake maalumu kinachosimulia habari za askari wale. Zaidi ya hapo, kila Novemba, Waingereza wanapovaa ua jekundu kuwakumbuka wafu wao wa vita, picha hizi huzunguka kwenye simu za watu kuanzia Brighton hadi Punjab, nyingi zikiwa na maneno mawili matatu tu: askari wa Kihindi wakitibiwa katika kasri la mfalme. Watu wanaweka moyo, wanapita.

Sina ugomvi na kuonyeshwa kwake. Wapo wanaosema picha za namna hii zifungiwe kabatini kwa kuwa zinaupamba ukoloni, na hao sikubaliani nao. Picha iliyofichwa haimfundishi mtu kitu. Ugomvi wangu ni kwamba picha hii haikuwa kumbukumbu ya familia iliyookotwa kwenye sanduku la bibi. Ilipigwa ili ionyeshwe. Ilitumwa kazi, na kazi yenyewe inajulikana. Anayeitundika ukutani leo bila kuanza na habari hiyo anamalizia kazi ambayo serikali ya vita iliianza.

Tuanze na uongo mdogo uliobebwa na picha hizi, ambao bado uko hai. Ulisemwa wakati ule, na unasemwa hadi leo, kwamba Mfalme George wa Tano aliwahurumia askari wake wa Kihindi akawaachia kasri lake. Ni hadithi tamu. Tatizo ni kwamba kasri halikuwa lake. Malkia Victoria hakulipenda. Lilikuwa katikati ya mji, watu wakichungulia. Mwaka 1850 likauzwa kwa mji wa Brighton, na tangu hapo lilikuwa mali ya wakazi, likikodishwa kwa karamu, maonyesho na mikutano. Mwishoni mwa 1914 wakubwa wa jeshi walipokuwa wanatafuta mahali pa kuwalaza majeruhi wa Kihindi kutoka Ufaransa, meya wa Brighton, John Otter, alikubali majengo ya mji yatumike, na kasri likiwa mojawapo. Lilikuwa wazo zuri, lilitekelezwa kwa haraka ya kushangaza, na wagonjwa wa kwanza waliingia Desemba hiyohiyo. Lakini halikuwa zawadi ya mfalme. Lilitolewa na baraza la mji.

Kwa nini basi zawadi ya meya igeuzwe zawadi ya mfalme? Kwa sababu mkulima wa Jhelum au Garhwal, huko India ya wakati ule, hamjui meya wa Brighton. Anamjua Mfalme-Kaisari ambaye sura yake iko kwenye rupia. Kijitabu kilichapishwa mwaka 1915 kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiurdu na Kipunjabi cha herufi za Gurmukhi, kikieleza historia ya kasri na jinsi wagonjwa walivyotunzwa humo, kikiwa na picha. Zikatolewa na postikadi. Mwanajeshi angeweza kuituma nyumbani, na jamaa zake wakaona kwa macho yao kwamba mtoto wao amelala mahali alipolala mfalme.

Na India ya 1915 ilihitaji kuambiwa hivyo. Zaidi ya watu milioni moja wa nchi hiyo walitumwa nje katika vita ile, na wengi wa waliopelekwa Ufaransa mwaka wa kwanza waliteremka Marseille wakiwa na sare za nchi ya joto, wakaingizwa kwenye mahandaki ya Ypres, ng'ambo ya mpaka huko Ubelgiji, majira ya baridi yanaanza. Mnamo Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, ambaye kwa Waislamu wengi alikuwa Khalifa, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Wajerumani nao hawakulala. Karibu na Berlin, huko Wünsdorf, walijenga kambi ya mateka Waislamu na kuiwekea msikiti wa mbao, wakawapiga picha mateka wakisali, wakasambaza postikadi. Huku Mwingereza ana picha ya Waislamu wakisali kwenye majani ya kasri la Brighton. Kule Mjerumani ana picha ya Waislamu wakisali mbele ya msikiti wa kambini. Wote wawili walikuwa wanamwambia mtu yuleyule: tazama tunavyoiheshimu dini yako. Ukiziweka picha hizi mbili ubavu kwa ubavu, kila moja inaitoboa mwenzake. Makumbusho yoyote yenye moja yangefaa kuazima nyingine.

Sasa, haki itendeke. Huduma ilikuwa ya kweli. Kasri liliwekewa majiko tisa ili Waislamu, Wahindu na Masingasinga wapate chakula kilichopikwa na watu wao kwa desturi zao. Mabomba ya maji yalitenganishwa. Kuchinja kulitenganishwa. Hema lilisimamishwa bustanini kuwa mahali pa ibada ya Masingasinga. Zipo hospitali nyingi za kijeshi, baada yake, ambazo hazikuyafikiria mambo hayo. Mtu aliyetoka kwenye tope la Ufaransa, miguu imevimba kwa baridi, akalazwa kwenye shuka safi chini ya mataa ya vioo, alikuwa na sababu ya kushukuru. Zipo barua za wagonjwa zinazosema mahali pale ni kama nchi ya ndotoni, kwamba wanatunzwa kama maua. Mmoja wao alinukuu ubeti wa Kiajemi unaosema kama kuna pepo duniani, basi ni hapa.

Lakini barua zile tunazijua kwa sababu gani? Kwa sababu zilifunguliwa. Jeshi liliweka ofisi ya kukagua barua za askari wa Kihindi, chini ya Kapteni Howell, na wakaguzi walitafsiri na kunakili sehemu za maelfu ya barua, wakaziandikia ripoti. Nakala hizo zimehifadhiwa London hadi leo. Askari walijua zinasomwa, na wengi hawakujua kuandika, hivyo walimwambia mwenzao au karani awaandikie. Kabla maneno ya mtu hayajafika kwa mama yake, yalipita kwa mwandishi, kwa mkaguzi wa kikosi, kwa mkaguzi wa Boulogne, Ufaransa. Mtu katika hali hiyo hujifunza kusema kwa mafumbo. Wakaandika habari za pilipili. Pilipili manga, waliandika, imetumika sana na sasa inakaribia kwisha; wakataja na pilipili nyekundu. Hakuna jiko lililozungumziwa hapo. Pilipili manga ni askari wa Kihindi, nyekundu ni Mzungu, na ujumbe kwa ndugu aliyeko kijijini ni kwamba asijiandikishe.

Mimi nikiisoma habari hiyo ya pilipili, na sisi watu wa pwani tunajua kufumba, nacheka kwanza, halafu nairudia picha ya vitanda na kuitazama upya. Nyuso zilezile tulizoambiwa ni za watu wenye shukrani, huenda mmojawapo ndiye aliyeandika vile. Huenda aliandika vyote viwili, pepo asubuhi na pilipili jioni. Mtu anaweza kushukuru kwa shuka na bado akamuonya mdogo wake.

Kuna jambo picha haiwezi kulionyesha kwa sababu lilikuwa nyuma ya mpiga picha: uzio. Wagonjwa hawakuwa huru kutoka watakavyo. Brighton ilikuwa na hospitali tatu za Wahindi: kasri na majengo yake, shule ya York Place, na nyumba ya zamani ya kuhifadhia maskini iliyobatizwa jina la Kitchener. Huko Kitchener kuta zilizungushiwa seng'enge na walinzi wakawekwa langoni. Hofu kubwa ya wakubwa ilikuwa wanawake. Waliogopa uhusiano kati ya askari wa Kihindi na wasichana wa Kizungu, kwamba ungeshusha heshima ya mtawala. Wagonjwa waliandika wazi kwamba wamefungwa. Mmoja aliita mahali pale jela. Na picha zinazojulikana ni za kasri, si za Kitchener. Kuta na seng'enge havimvutii mtu kuweka stempu.

Hapo inaingia picha nyingine, ambayo kwangu ndiyo ingestahili kuning'inizwa karibu na ile ya vitanda. Mei 1915 gazeti la Daily Mail lilichapisha picha ya muuguzi wa Kiingereza amesimama karibu na Khudadad Khan, Mhindi wa kwanza kupata Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza. Hakuna cha ajabu ndani yake. Mgonjwa na nesi. Wakubwa wa jeshi wakachachamaa. Wauguzi wanawake waliokuwa wanasimamia wodi za Wahindi wakaondolewa. Sasa pima mwenyewe. Mwaka uleule, serikali ileile, inachapisha kwa furaha picha za mamia ya Wahindi chini ya kuba la kifalme, na inatetemeka kwa picha moja ya Mhindi mmoja na mwanamke mmoja wa Kiingereza. Ni kipimo kizuri cha ukarimu ule ulipoishia.

Agosti 1915, Mfalme George wa Tano alikuja Brighton, akamvisha Mir Dast nishani ya Victoria Cross kwenye bustani ya kasri. Mir Dast alikuwa jemadari, yaani ofisa mdogo wa Kihindi, Mpashtuni wa mpakani mwa Afghanistan, na Aprili mwaka ule karibu na Ypres alishikilia handaki baada ya gesi ya sumu kumwagwa na maofisa Waingereza kuanguka, kisha akabeba majeruhi chini ya risasi. Ushujaa wake hauna mjadala. Siku ile ya nishani ilipigwa picha na kuenezwa kila mahali. Wiki chache kabla ya sherehe, alikuwa ameandika nyumbani kwamba Victoria Cross ni kitu kizuri sana, lakini gesi hii hainipi raha, imenimaliza. Nadhani sentensi hiyo moja ingeandikwa chini ya picha ya bustani, kwa herufi kubwa kuliko jina la mfalme.

Na Mir Dast alikuwa na ndugu. Anaitwa Mir Mast, naye alikuwa jemadari katika kikosi kingine cha jeshi hilohilo. Machi 1915, usiku, alivuka na wenzake wapatao ishirini hadi kwenye mahandaki ya Wajerumani na kujisalimisha. Nyumba moja, watoto wawili, mmoja anavishwa medali na mfalme wa Uingereza, mwingine anakaribishwa na Wajerumani, ndani ya miezi sita. Huyo wa pili hayumo kwenye postikadi za Brighton, bila shaka. Lakini huwezi kusema umeeleza kwa nini ukarimu wa Brighton ulipigwa picha kwa bidii ile kama hujamtaja Mir Mast.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilikuwa bunduki. Lalamiko linalojirudia sana katika barua za majeruhi halihusu chakula wala vitanda. Linahusu kurudishwa vitani. Mtu amepigwa risasi, ametibiwa vizuri, amepona, anarudishwa handakini. Waliona hiyo si haki; askari wa kujitolea aliyejeruhiwa, kwa fikra zao, ameshalipa. Kwa hiyo vitanda vile vilikuwa na kazi mbili: kuponya, na kuponya ili warudi. Mwisho wa 1915 askari wa miguu wa Kihindi waliondolewa Ufaransa, wengi wakapelekwa Mesopotamia, na hospitali ya kasrini ikafungwa Januari 1916. Takriban Wahindi 12,000 walikuwa wametibiwa katika hospitali za mji ule.

Kinachonishangaza ni kilichofuata, kwa sababu hakikumbukwi. Kuanzia 1916 hadi 1920 kasri lilikuwa hospitali ya askari Waingereza waliokatwa mikono na miguu. Miaka minne, dhidi ya mwaka mmoja na kidogo wa Wahindi. Walifundishwa humo kazi za ufundi ili waweze kujipatia riziki na kiungo kimoja. Ukimuuliza mtu wa kawaida kuhusu kasri na vita, atakuambia habari za Wahindi. Wa miguu ya mbao hawajui. Sababu siyo upendo kwa India. Kilemba chini ya kuba ni picha inayojiuza. Kijana wa Kiingereza asiye na mguu, aliyeketi chini ya kuba hilohilo akijifunza ufundi kwa ajili ya maisha ambayo hakuyachagua, anauliza swali ambalo postikadi haiwezi kulijibu.

Waliokufa walitunzwa kwa heshima, na hilo nalo lina hadithi yake. Wahindu na Masingasinga 53 walichomwa kwa desturi zao kwenye vilima vya Patcham, juu ya mji, na mwaka 1921 palijengwa mnara mweupe wa marumaru uitwao Chattri. Majina yao hayakuandikwa hapo hadi 2010, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipoweka jiwe lenye majina karibu nao. Waislamu walipelekwa Woking, mji wenye msikiti uliojengwa tangu 1889, wakazikwa eneo la Horsell Common. Makaburi yale yalijengewa ukuta mzuri wenye mtindo wa Kiislamu, tena kwa msukumo mkubwa wa propaganda: Wajerumani walikuwa wanaeneza kwamba Mwingereza hawaziki Waislamu inavyopaswa. Miaka ya 1960 makaburi yakaharibiwa na wahuni, na mwaka 1968 mabaki ya askari yakahamishiwa Brookwood. Hilo halikuwa jambo la postikadi.

Msomaji wa Tanga anaweza kuuliza, haya ya Brighton yananihusu nini? Nimjibu kwa tarehe. Novemba 1914, wakati wanajeshi wanatafuta majengo Brighton, jeshi jingine la India lilikuwa linateremka ufukweni Tanga. Wanajeshi wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, wengi wao Wahindi, walikuja kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani. Waliokuwa upande wa pili walikuwa kama elfu moja, askari Waafrika na Wajerumani, wakiongozwa na Lettow-Vorbeck. Kati ya Novemba 2 na 5 Wahindi walipigwa, nyuki nao wakawaongezea, na waliobaki wakarudi melini wakiacha bunduki na maiti. Wapo waliozikwa Tanga hadi leo. Mfalme alikuwa ni yuleyule, sare zilezile, mwezi uleule. Hawa hawakupata kasri. Kushindwa hakupigwi postikadi.

Na chini ya hao Wahindi wa Tanga kuna watu ambao hata kushindwa kwao hakukuandikwa: wapagazi. Waingereza walitumia takriban wapagazi milioni moja katika vita ya Afrika Mashariki, kutoka pwani, bara, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Waliokufa si chini ya 95,000 kwa hesabu rasmi, wengi kwa kuhara damu, malaria na ugali wa unga mbovu, wachache kwa risasi. Jina lao limebaki Kariakoo. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao hata hesabu hawana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilikiri katika ripoti yake kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, inawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba wana wa anayeipigania nchi yake watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayako.

Kwa hiyo ninapoiona ile picha ya kasri, naona ngazi. Juu kabisa yupo Mhindi aliyejeruhiwa Ufaransa, mbele ya macho ya Ulaya, anayehitajika kisiasa. Huyo ana kitanda na picha. Chini yake yupo Mhindi wa Tanga. Chini zaidi yupo mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kikamba. Ukubwa wa picha ya mtu ulifuata faida iliyokuwa kwenye kuonekana kwake. Mateso hayakuhesabiwa. Ndiyo maana nasema mpiga picha atajwe kwanza, na aliyemtuma atajwe kabla ya huyo.

Wajerumani wana somo lao katika hili, na nalitaja kwa sababu linatugusa. Huko Hamburg, kwenye kambi ya jeshi iliyokuwa imepewa jina la Lettow-Vorbeck, ipo michongo miwili ya udongo wa kuchoma iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930, enzi za Hitler, na Walter von Ruckteschell, aliyekuwa ofisa wa Lettow-Vorbeck huku kwetu. Mmoja unaonyesha askari wa Kiafrika wakimfuata ofisa wa Kijerumani, mwingine wapagazi na mizigo yao. Mwaka 2003 ikafunguliwa bustani ya kuihifadhi, ikapewa jina la Tanzania. Ugomvi ukaanza mara moja, na haujaisha. Wanaoipinga wanauliza: unawezaje kumtundika askari mwaminifu aliyebuniwa na wakoloni walioshindwa, ukamwita Mtanzania, ukasema ni kumbukumbu? Swali hilohilo linaifaa Brighton, ingawa jibu lake ni laini zaidi. Askari mwaminifu wa Hamburg na mgonjwa mwenye shukrani wa Brighton ni ndugu. Wote wawili wanatazama juu.

Tofauti ni kwamba mgonjwa wa Brighton ni mtu halisi, na ameacha maneno. Mchongo hauna barua. Picha ile ina maelfu. Hapo ndipo makumbusho ya Brighton yana bahati ambayo Hamburg hawana, na kwa kweli watafiti wao wamefanya kazi nzuri. Wamekuwa wakieleza kwa miaka kwamba habari ya mfalme kutoa kasri si kweli. Tatizo ni kwamba maelezo hubaki ukutani na picha husafiri. Mtalii anapiga picha ya picha, anakata pembeni, anaacha maandishi nje, anaituma. Baada ya hapo ni kuba na vilemba tu, kama 1915.

Kama ningepewa kazi hiyo, maelezo yangeingia ndani ya picha yenyewe, kwenye pembe ambayo huwezi kuikata bila kukata kitanda. Yangekuwa mafupi. Picha hii ilipigwa mwaka 1915 ili ipelekwe India. Jengo ni la mji wa Brighton. Upande huu hauonyeshi lango. Barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa. Postikadi nyingi ziliandika jina la ukumbi. Majina ya walio kitandani hazikuyaandika.